Maktaba Iliyokataliwa na Mashine Mpya

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, katika kituo cha hesabu cha Kampuni ya shaba, mjini Likasi. Nilikuwa nimetoka tu shule ya sekondari, na nilikuwa na haya kiasi kwamba salamu yangu ya kwanza haikusikika. Shefu wa Kituo aliinua macho.

"Weye njo mutoto wa Papa Kasongo wa ku ateliye?"

Nikaitikia kwa kichwa; baba alikuwa fundi wa karakana.

"Ikala pale. Mashini haiumake muntu."

Nikakaa, nikitumaini kwamba kweli mashine haiumi mtu. Niseme ukweli wote. Baba alikuwa akimaliza kazi mwisho wa mwaka, na nyumba yetu ya mtaa wa Shituru ilikuwa ya Kampuni. Anayemaliza kazi anarudisha ufunguo, isipokuwa awe na mtoto aliyeandikwa kazini. Mimi ndiye mkubwa. Nilichukuliwa kwa majaribio, na Shefu ndiye angetia saini au kukataa. Kila jioni mama aliniuliza, "Shefu anasema nini?"

Zilikuwa zile siku za kuitana *sitwayeni*, yaani raia, na kompyuta zilikuwa chache, zinalindwa kama sakristia ya kanisa. Tulikuwa na mashine mbili. Ya zamani ilikuwa inachoka; diski yake ilisaga kama kinu. Ya pili ilikuwa mpya, imetoka Ulaya. Shefu alinifundisha lugha ya C kidogo kidogo, kisha akanipa kazi moja: kuhamisha programu iliyohesabu shaba katika mabafu ya kiwanda, yale matangi ya kusafishia shaba, kabla ya mashine ya zamani kukata roho.

"Ikitembea, natia saini. Haitembei, tutaona."

Vijana, niwaeleze. Programu ya C mtu huiandika kwa maneno anayoweza kuyasoma; hayo ndiyo maandishi. Kisha mashine huyatafsiri kuwa lugha ya ubongo wake. Huko ndiko kukompaili. Vipande vinavyotumika mara nyingi hutafsiriwa mapema na kufungwa pamoja, na furushi hilo huitwa maktaba. Mwishowe programu na maktaba huunganishwa. Sisi tulichukua maktaba ya mashine ya zamani ilivyo, tukaileta kwa mkanda wa sumaku. Mashine mpya ikagoma: maktaba hii si ya aina yangu.

Shefu akacheka. "Umeleta mama wa Kiluba ku kilio ya Babemba. Atalia muzuri, lakini hakuna mwenye kusikia. Kila ubongo na luga yake. Tafsiri maktaba tena, kutoka mu maandishi."

Nikatoa amri iitwayo `make`, ile inayosimamia kutafsiri. Ikamaliza. Nikaunganisha. Kosa lile lile. Nikarudia. Kosa lile lile. Siku zikapita hivyo, mashine ya zamani ikisaga nyuma yangu. Mainjinia wa kiwanda walipita mlangoni wakiuliza kama watarudi kuhesabu kwa kalamu. Nyumbani niliacha kula vizuri. Nilimwona baba akipapasa ukuta wa sebule, mahali rangi ilipobanduka, kisha akaondoa mkono.

Kulikuwa na jambo lililonisumbua, lakini haya ilinifunga mdomo. Ndipo Mama Charlotte, mtunza mikanda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akaniona nikihangaika kitini.

"Shefu! Huyu mutoto iko na kitu mu kinywa. Ama aseme, ama ateme!"

"Sema, mwana," Shefu akasema.

"Shefu… `make` inamaliza mbio sana. Kwa mashine ya zamani tulikuwa tunakwenda kula, tunarudi, haijamaliza. Hii inamaliza mbele sijaondoa hata mukono."

Shefu akavuta kiti, akaandika amri ya `file`, ambayo huuliza kitu kilichotafsiriwa ni cha ubongo upi. Akauliza kipande kimoja cha maktaba. Jibu: cha mashine ya zamani. Kingine: cha zamani. Vyote.

"Aa! Haikutafsiri hata kimoja!"

Akanieleza. `make` haiangalii lugha, inaangalia tarehe. Ikikuta kipande kilichotafsiriwa ni kipya kuliko maandishi yake, inasema kazi imekwisha. Na vipande vya zamani vilikuwa vimekuja katika mkanda ule ule, pamoja na maandishi, vikiwa na tarehe mpya zaidi.

Shefu akageuka. "Mama Charlotte, tulihama nyumba, weye ukabeba mpaka takataka!"

"Takataka? Mu hii Kampuni, Shefu, takataka ya asubuhi inakuwaka piesi ya mangaribi! Kitu kimeisha kupikwa, nitakitupa sababu ya nini?"

Na ni kweli, ndivyo tulivyoishi: kitu kibovu cha leo kilikuwa kipuri cha kesho. Pampu iliyokufa ilitoa boliti kwa pampu iliyo hai. Hapakuwa na mtu wa kutupa kitu, na kufuta chochote kwenye mashine kulitaka saini.

"Natia saini kwa kinywa," Shefu akasema. "Mutoto, futa vyote byenye vimetafsiriwa. Maandishi usiguse."

Nikafuta. Mama Charlotte aliangalia dirishani, kama mtu asiyetaka kuona jeneza likishuka. Nikatoa amri ya `make`, na safari hii mashine ikachukua muda wake. Tulikwenda kula bukari, yaani ugali, na samaki, tukarudi, ikawa bado inafanya kazi. Sijawahi kufurahia kungoja kama siku ile. Tulipounganisha, haikulalamika. Tukaipa hesabu za jana za mabafu. Majibu yakalingana na ya mashine ya zamani.

Shefu alitia saini akiwa amesimama.

Baadaye nilipelekwa Kambove, kisha nikarudishwa Likasi, chini ya mashefu wengine, mpaka nikastaafu. Mashine zilibadilika, kosa hili lilinifuata kote, na halikunitisha tena. Uliza kwanza kitu ni cha ubongo upi. Futa kilichotafsiriwa kwingine. Tafsiri upya kutoka kwenye maandishi. Na ukiona kitu chepesi mno, sema, hata kama sauti inatetemeka. Nimeridhika na kazi yangu.

Lakini nimalize siku ile. Jioni nilimwambia baba. Akaomba nirudie, nikarudia. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, nilitoka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imeanza, mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha kuota, na kiwanja chetu kilikuwa kitupu, maana hatukujua kama tungekuwepo kuvuna. Nikachukua jembe, nikapanda mahindi yetu.