Mzee Ildefonsi, Nasma na Jokofu la Chanjo

Nasma binti Saady alipoleta kompyuta yake ndogo kwenye zahanati yetu, nje kidogo ya Kibondo, alitutangazia kwamba daftari limepitwa na wakati. Alisema hayo mbele ya Mzee Ildefonsi, mhudumu aliyeandika joto la jokofu la chanjo kwa mkono miaka kumi na tisa. Mimi ndiye nesi wa chanjo, na nakiri nilifurahi. Zahanati yetu ilikuwa imepoa mno.

Msichana mwenyewe hakuwa na mchezo. Baba yake ana duka la vitenge Kasulu, naye alimpa sharti: mkaguzi wa chanjo akiikubali mashine siku ya ukaguzi, aendelee na kompyuta zake, akiikataa, arudi kupima vitenge. Nasma anachukia kupima vitenge kuliko malaria.

Programu yake ilitakiwa kuandika mstari mmoja kila sekunde kwenye faili la kumbukumbu: saa na nyuzi za joto. Wiki ya kwanza ilikimbia vizuri. Mwezi wa pili ikaanza kujikokota, na Jumatatu ya wiki ya ukaguzi ikawa inaruka dakika nzima bila kuandika kitu. Nasma alibadilisha waya, akabadilisha kipima joto, akamlaumu fundi umeme, kisha akanilaumu mimi.

"Hebu nieleze inavyoandika," Mzee alimwambia, kwa upole wa mtu anayefurahia shida ya mwenzake.

"Inafungua faili, inasoma mistari yote, inaongeza mmoja mwishoni, halafu inaandika yote upya."

"Yote? Kila sekunde?" Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwana wanje, mwanangu, kwenye harusi mgeni akiingia anasalimia, anakaa. Mashine yako, kila akiingia mgeni mmoja, inawatoa nje wote waliokwisha kukaa, waingie tena na makofi yao! Watu watakula saa ngapi?"

Nasma alinuna, lakini siku nzima alimfuata Mzee kwa macho. Daftari la joto hufungiwa kwenye kabati la mganga, na Mzee hapendi kusumbuana na ufunguo. Kwa hiyo kila saa huchungulia jokofu, huandika joto kwenye kiganja kwa kalamu ya biki, na mchana hunakili yote kwa mkupuo. Daftari ameliwekea uzi wa mgomba, linafunguka palepale alipoishia.

Jioni hiyo Nasma aliandika upya programu. Sasa faili lilibaki wazi, kila mstari mpya uliongezwa mwishoni, ile ya nyuma haiguswi. Tena, kama kiganja cha Mzee, kompyuta ilikusanya mistari ya saa nzima kabla ya kuimwaga kwenye faili. Ilikwenda mbio, na Nasma akaanza kuringa upya.

Jumatano tulikaa kula ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka. Mzee alimiminiwa maji, akanawa kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye vifundo. Ndipo akatazama kiganja.

"Yesu na Maria!"

Joto la saa zote tano za asubuhi hiyo lilikuwa limeingia kwenye beseni. Nilicheka hadi machozi. Mzee, ambaye hajui kudanganya, alifungua daftari akaandika kwenye nafasi hizo tano neno moja: *Nilinawa*. Nasma peke yake hakucheka. Aliacha tonge sahanini akakimbilia kompyuta.

Ijumaa mkaguzi alifika, mtu mkavu asiyetaka hata chai. Alisoma daftari, akasimama kwenye *Nilinawa*, akalifunga. Kisha, bila hodi, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, ikazimika. Nasma aliuma ncha ya mtandio wake. Ilipowashwa, mistari yote ilikuwepo, isipokuwa ya sekunde saba za mwisho.

"Unamwaga kila baada ya sekunde kumi," mkaguzi alisema, akiisoma programu kwenye kioo. "Kwa nini usikusanye ya saa nzima, mashine ipumzike?"

Nasma alijibu, "Kwa sababu ya ugali."

Mzee Ildefonsi alificha mikono nyuma. Mkaguzi alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye ukurasa wa Jumatano, akausoma tena polepole. Halafu akaomba kalamu, akasaini: mashine ibaki, na daftari libaki kwa siku ambazo umeme umekatika.

Nasma alilia waziwazi. Mzee alimpa leso yake, na alipounyoosha mkono, shati likapanda: joto la asubuhi lote lilikuwa limeandikwa juu ya kiwiko, mahali ambapo maji ya kunawa hayafiki.