Mgongo wa Gil-su

Ni asubuhi katika wodi ya mifupa, hospitali ya mji wa bandari wa Mokpo. Gil-su, fundi wa meli mwenye mabega mapana kama mlango, amechuchumaa mbele ya kitanda na kumpa mama yake mgongo.

"Panda, Mama. Nikupeleke msalani."

"Inuka hapo," anasema Pyo Ok-bun, mlezi wa wagonjwa wa kulipwa. "Huo mgongo wako utamuua."

Mama huyo, Guk Mal-lye, ana miaka themanini na sita na bado huuza sokoni samaki bapa aitwaye taa. Aliteleza kwenye tandiko lake la sakafuni, nyonga ikavunjika. Jana alipasuliwa. Leo daktari ameagiza asimame.

Gil-su hataki kusikia. Mtoto anayembeba mzazi mgongoni husifiwa na mtaa mzima, naye amejiandaa kumbeba hadi mwisho.

Mwisho wenyewe unaweza kuwa karibu. Si wachache wa umri huu wanaovunjika nyonga na kufa kabla mwaka haujaisha. Mara nyingi hawauawi na mfupa. Wanalala, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, chakula hakishuki. Mal-lye ana moyo dhaifu, damu kidogo, na mwili mwepesi kama kapu tupu.

Ok-bun alikuwa mkaushaji wa mwani kabla ya kufiwa na mume na kuingia kazi hii. Usiku analala kwenye kitanda chembamba kinachovutwa kutoka chini ya kile cha mgonjwa.

"Watoto wazuri ndio wananitisha," anasema. "Wanalisha, wanafunika, wanabeba. Mzazi anasahau kwamba ana miguu."

Anamgeukia mgonjwa. "Bibi, sukuma miguu chini."

"Wewe ni mlezi au askari jela?"

"Askari jela. Simama, nikufungulie."

"Inauma, mwanamke wewe!"

"Najua. Dawa umeshapewa. Shika hiyo fremu."

Gil-su anageukia ukuta. Mal-lye anaikamata fremu ya kutembelea. Makalio yanaachana na godoro, yanarudi. Anatukana. Anajaribu tena.

Kisha anasimama.

Mgonjwa wa kitanda cha pili anaacha kijiko hewani. Mfupa uliokuwa vipande viwili juzi, sasa umeshikwa kwa chuma, unambeba mwanamke wa miaka themanini na sita. Ok-bun ameliona jambo hili mara nyingi mno, lakini anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Kila mara nadhani hawezi," ananong'ona. "Kila mara."

Mal-lye anaburuta mguu mmoja, halafu wa pili. Gil-su anageuka, anakimbia kumshika.

"Toa mikono!" mama anafoka. "Ukitaka kunibeba, ngoja nife kwanza."

Gil-su anacheka na kulia kwa pamoja, kisha anamfungulia mlango wa choo.

Hatari haijaisha. Nyumbani kunangoja ngazi, na baridi inakuja. Gil-su amekubali kununua kitanda cha miguu mirefu, mama asilale tena sakafuni. Mama yake anasema kitanda ni cha wagonjwa. Wanaendelea kubishana.

Ok-bun yeye ana ombi moja. Wagonjwa wake wakishatoka, hataki zawadi wala simu.

"Nataka nipite sokoni nimkute bibi huyu amesimama nyuma ya meza yake," anasema, akitandika upya shuka, "aniuzie samaki mbovu kwa bei ya juu, na tugombane."