Jina la Mtoto wa Masalu

Masalu Shimba alipopunguzwa kazi kiwanda cha nguo mwaka 1994, alisema afadhali, sasa mapafu yake yatapumzika na vumbi la pamba. Akaenda kuponda kokoto Kiseke. Nilimwambia kwamba kama anatafuta hewa safi, basi amekosea njia. Alicheka sana. Wakati ule mkewe Ng'washi alikuwa hai, na kucheka kulikuwa bado kunapatikana nyumbani kwake.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na tulifanya kazi pamoja kwenye mitambo ya kufuma miaka kumi na miwili. Nasema hivi usije ukadhani nasimulia ya kuambiwa.

Ng'washi alifariki Machi ya mwaka uliofuata, siku ileile aliyojifungua mtoto wa kike. Damu haikukata. Tulimzika kijijini kwao Masalu, Misungwi, naye akarudi mjini Mwanza na kichanga kwenye kitenge cha marehemu, pamoja na shangazi yake, Justa. Shangazi alikuwa na miaka sitini na kitu, na huko kijijini alikuwa tayari analea wajukuu watano waliofiwa na wazazi. Alisema atakaa wiki mbili tu. Akakaa zaidi, huku akihesabu siku na kuwauliza wapita njia habari za Misungwi.

Kilichotushinda ni maziwa. Ya ng'ombe yalimharisha mtoto. Ya kopo yalipatikana siku moja yakakosekana tatu. Wanawake wawili wa mtaani walimnyonyesha kwa zamu, mpaka mmoja akakatazwa na mumewe na mwingine akapata mimba. Masalu akawa anakwenda na mtoto machimboni, anamlaza kwenye beseni chini ya kipande cha turubai. Anaponda kidogo, anainuka kumtazama, anarudi kuponda. Mtoto akaanza kukohoa. Mimi nilikuwa na hasira siku nzima na sikujua namkasirikia nani.

Kwenye zahanati alikokuwa akimpeleka kulikuwa na nesi Mwingereza, Helen. Mumewe, Renzo, alikuwa Mwitaliano, fundi wa mashine za barafu kwenye kimoja cha vile viwanda vya minofu ya sangara vilivyokuwa vinaota kando ya ziwa. Walikuwa wamekaa Mwanza miaka minne na hawakujaliwa mtoto. Helen ndiye aliyempima mtoto wetu kila wiki, na kila wiki mzani ulirudi nyuma. Wiki ya sita alimwambia Masalu bila kuzunguka kwamba kwa hali ile mtoto hatamaliza mwezi wa tatu. Siku chache baadaye yeye na mumewe wakaja kuomba wamchukue, wamlee kama wa kwao, kwa karatasi za ustawi wa jamii, na wakirudi Ulaya waende naye.

Masalu alikubali. Sitaki mtu amseme kwa hilo. Alishawahi kumzika mtoto wa miezi mitano, na alikuwa anaijua ile sura.

Halafu Helen, kwa wema wake mwenyewe, akaharibu. Alisema jina la mtoto alichague baba. Ila aliomba kitu kimoja: liwe jina ambalo bibi wa Italia na bibi wa Uingereza wote wataliweza. Akaeleza kwamba mama mkwe wake hawezi kulitamka jina la Helen, humwita Eleni, mwaka wa kumi na moja sasa, na kila akiitwa hivyo huhisi anayeitwa ni mtu mwingine. Hakutaka mtoto aishi hivyo.

Hakujua alichomwambia Masalu. Kwetu mtoto hupewa jina siku anapotolewa nje, na anayempa jina ndiye mwenye mtoto. Hata mwanamume aliyemkimbia mwanamke akirudi na kutoa jina, wazee wanamsikiliza. Msiba ulituvuruga, mtoto akafika wiki ya saba bila jina, shangazi akawa anamwita Mgeni tu. Sasa mzungu anamwambia Masalu: mpe jina, kisha utupe mtoto. Mtu anafanyaje mambo hayo mawili kwa mkono mmoja?

Alikwenda kwa katekista Antoni, ambaye aliwahi kufanya kazi na mapadri wa Kiitaliano. Nilikwenda naye. Antoni alifungua daftari akaanza. Lusia hapana, Waitaliano wanasema Luchia na Waingereza Lusha. Sesilia nalo ni hivyohivyo. Winnie ni la Waingereza peke yao. Klara lilipita kotekote, akalipigia mstari. Masalu aliitikia kwa kichwa kila jina, na nikaona hasikii hata moja.

Kesho yake machimboni aliniambia amepata jina. Ni la marehemu. Ataitwa Ng'washi.

Nikamwambia wale watu hawaliwezi.

“Najua,” alisema.

Nilichelewa kuelewa. Kumbe ndicho alichotaka. Alidhani masharti ya Helen yalikuwa sheria, kwamba jina likishindikana na shauri limekwisha, watachukua mtoto mwingine mwenye jina jepesi, naye atakuwa hakumnyima mtu mtoto. Jina ndilo litakalokuwa limekataa.

“Na wakishindwa,” nilimuuliza, “utamnywesha nini?”

Alichukua nyundo akapiga jiwe ambalo lilikuwa limekwisha kuvunjika. Mtoto alikohoa kwenye beseni, naye akaendelea kupiga. Nilitamani kumnyang'anya ile nyundo. Nilitamani pia kumshika mkono. Sikufanya lolote.

Alhamisi tukawapelekea jina. Renzo alijaribu mara tatu, ulimi ukagoma, akatoka jasho. Helen aliliandika kwenye karatasi, akaomba wapewe mpaka Jumapili. Njiani Masalu alitembea mbio kama mtu aliyeponea ajali. Shangazi alipopewa habari alisema vizuri, jina amepewa na baba yake, basi mtoto ni wa hapa. Kisha akageuka akamwangalia mtoto. Usiku ule walimpa uji mwepesi, akautapika wote.

Jumapili walikuja wenyewe baada ya misa. Helen alimsalimia shangazi, “Shikamoo,” akaitikiwa, akakaa kwenye kigoda na kumpakata mtoto. Kisha akamwita kwa jina. Alilisema zima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama anavyolisema mtu wa Misungwi. Mfagizi wa zahanati alikuwa amemfundisha siku tatu. Renzo naye akalisema, vibaya, lakini likajulikana.

Nilimtazama Masalu. Mlango wa mwisho aliokuwa amewafungia ulikuwa umefunguliwa, tena kwa adabu.

“Mama yako kule Uingereza,” alimuuliza Helen, “ataliweza?”

“Hapana, baba. Lakini nitamfundisha.”

“Na mama wa Renzo?”

Helen alitaka kusema ndiyo. Nilimwona anataka. “Yule hataliweza,” alisema. “Atatafuta lingine la kumwita.”

Masalu aliinama akaangalia mikono yake iliyochanika. Baadaye, siku nyingi baadaye, aliniambia alichokuwa akikiona. Alimwona mtoto amekuwa wa miaka sita, amesimama kwenye mlango wa nyumba asiyoijua, na bibi kizee ndani anataka kumwita aje kula, anajaribu, anashindwa, anaacha kumwita. Alisema angeweza kuvumilia mtoto aende mbali. Asingeweza kuvumilia akae huko bila kuitwa.

Alimchukua mtoto kwa Helen, akamwegemeza begani. Kichwa kilikuwa kidogo kama embe. Alikaa naye hivyo mpaka Renzo akatoka nje kujifuta macho.

“Mwiteni Klara,” alisema. “Hilo wote wanaliweza.”

Kisha akamrudisha mikononi mwa Helen, akamfunika na kitenge cha mama yake.

Shangazi alikuwa ameingia jikoni kuwatafutia wageni maji na hakusikia. Alipotoka, gari lilikuwa limekwisha kuondoka na Masalu amesimama uani, mikono ikining'inia. Aliuliza imekuwaje. Masalu akamwambia mtoto amekwenda, ataitwa Klara.

“Nani kampa hilo jina?” aliuliza shangazi.

Masalu alinitazama, nami nikatazama chini.

“Wao,” alisema.