Siku nilipomwita baba mkwe "bosi" kule Ileje

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki. Waifu yuko pembeni anachungulia simu, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nauza mitumba hapa Tunduma, naishi Chapwa.

Wa huku mnajua, "bosi" kwetu ni kama salamu. Mteja ni bosi. Bodaboda ni bosi. Mzambia akivuka mpaka kutafuta jinzi ananiita "mukwai", heshima ya kwao, mimi namjibu "karibu bosi". Hata anayeomba maji ya kunywa ni bosi. Ukimwita mtu kwa jina lake, watu wanadhani mmegombana.

Basi nikaenda kuposa Ileje. Mzee mwenye binti ni mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, hacheki ovyo.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo. Njiani akanionya, "Kule wewe ni bubu. Nitaongea mimi."

Na kweli aliongea, Kindali cha huko kilichonyooka, mpaka nikajiona nimeshaoa.

Sasa mzee akanigeukia mwenyewe. "Kijana, umemsikia mshenga. Ndivyo ulivyomtuma?"

Wakuu, huu mdomo.

"Ndiyo bosi."

Baba mdogo akaangalia viatu vyake. Shangazi mmoja akatoka nje kajiziba mdomo kwa kitenge.

Mzee akauliza taratibu, "Kwani umekuja kuomba kazi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona kabisa mke anaondoka hivi hivi.

Baba mdogo akaomba radhi, tukapigwa faini ya jogoo, lakini mzee uso bado umekunjamana. Akaagiza binti aitwe, maana asipokubali yeye posa haipokelewi.

"Huyu unamfahamu? Tumpokee au aende zake?"

Binti akapiga magoti. "Namfahamu, baba. Hata mimi ananiita bosi. Mpokeeni tu, nitamfundisha."

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. Ndiyo nikapata mke.

Funzo: ulimi wa sokoni uache sokoni, na mshenga akikwambia uwe bubu, kuwa bubu.

Ila mzee naye ana mambo. Akija Tunduma, wauzaji wote wanamwita bosi na anaitika vizuri tu. Mimi nikijaribu ananikata jicho.

Nyie ukweni mliponyokwa na neno gani? Shusheni hapa, msiniache na aibu peke yangu.