Waranti ya Friji ya Mama

Friji ya mama niliichagua mimi. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayelisema. Mdogo wangu, anayefanya kazi ya ofisi Nairobi, alinitumia pesa akaniambia, "Dada, wewe ndio uko karibu na maduka. Chagulia Mama moja mzuri." Mimi nashona sare za shule Tuwan, hapa Kitale. Siku hiyo nilifunga kibanda, nikazunguka mjini nikifungua na kufunga milango ya friji mpaka wauzaji wakanichoka. Nilipochagua, muuzaji aliandika jina langu kwenye kadi ya waranti, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mbele yake. Akanionya nisipoteze kadi wala risiti. Ikiharibika ndani ya mwaka mmoja, watatuma fundi bure mpaka nyumbani. Bila kadi hawamjui mtu.

Nikapanda pikapu mbele na dereva hadi kwa mama, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kila tulipopita tuta niligeuka kuangalia kama kamba zimeshika.

Mama alipiga vigelegele friji ikiwa bado juu ya gari. Akampigia simu mdogo wangu. "Mwanangu, umenitoa aibu! Mungu akuongezee!" Mimi nilikuwa pale pale, jasho likinitiririka, nikaambiwa nishike upande mmoja tuiingize sebuleni. Sebuleni, si jikoni. Friji ya mtoto wa Nairobi haiwezi kukaa na kuni. Ikavishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ikawekwa picha ya mdogo wangu amevaa joho la mahafali.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempelekea mama birika ya stima. Mama akaiweka juu ya jiko la makaa, kitako kikayeyuka, nyumba ikanuka siku mbili. Kina mama wa kanisa waliambiwa kwamba binti wa Kitale alileta birika ya ovyo. Mpaka leo wengine wakinisalimia wanauliza habari ya birika.

Nilikuwa na wivu, na sitaupaka sukari. Husemwa wivu ni kidonda. Changu nilikuwa nakikuna kila siku nikiwa nimeketi kwenye cherehani, na nilikuwa nasikia raha kukikuna.

Waranti ikiwa imebakisha miezi mitatu, mama alinipigia simu.

"Hii friji inanguruma tu, haishiki baridi. Maziwa ya jioni inaamka imeganda. Uko na ile kalatasi ya duka?"

"Niko nayo, Mama."

"Basi wapelekee. Na usimwambie mdogo wako. Ataumia roho, si unajua vile alijinyima."

Hapo ndipo aliponikosea. Birika yangu ilitangazwa kanisani, lakini friji ya mwingine hata ikifa inafichwa. Kadi ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kutoka kibandani kwangu hadi lile duka, ukitembea pole pole ukisalimia watu, haifiki nusu saa. Sikwenda.

Wiki iliyofuata mama aliuliza. Nikasema nimeshapeleka kadi, fundi atakuja. Alipouliza tena, nikasema fundi ameitwa Kachibora. Mara nyingine nikasema yuko Saboti, gari limekwama kwenye tope. Fundi wangu wa uongo alizunguka Trans-Nzoia nzima, akatengeneza friji za watu wote isipokuwa ya mama. Na mama kila jioni anakamua, asubuhi maziwa ya kuuza yameshakuwa mala, anawagawia majirani. Nilijua. Ningependa kusema sikuwa nikijua.

Sikuamua kwamba nitauacha mwaka uishe. Niliamua tu, kila siku, kwamba si leo. Siku ya mwisho ya waranti nilikuwa nakata kola za mashati. Nilitazama kalenda ukutani, nikarudi kwa makasi yangu. Baada ya hapo mama aliacha kuuliza, nami nikaona ni heri.

Mwezi wa nne mdogo wangu akapata likizo. Nilitangulia kwa mama kusaidia kupika. Nikiwa jikoni nikamwona mama anapita uani na beseni limefunikwa leso, anatoka kwa jirani yake, mwalimu mstaafu aliye na friji yake. Ndani mlikuwa na soda za baridi na mabonge ya barafu. Akaingia sebuleni, akafungua friji yetu iliyokufa, akazipanga soda moja moja, barafu akaiweka kwenye bakuli chini. Akapangusa mlango. Hakuniangalia.

Mdogo wangu hakukalia kiti kabla ya kufungua friji yake. Akatoa soda, akaikandamiza shavuni, akacheka. Kisha akainama kuchungulia.

"Mama, mbona ndani hakuna taa?"

"Hiyo ni balbu tu."

"Na si kuna waranti? Dada, si wewe uko na kadi?"

Mama akajibu kabla yangu. "Dada yako amehangaika na hiyo maneno sana. Amefuatilia hao watu wa duka mpaka nikamhurumia. Wacha apumzike."

Mdogo wangu akanikumbatia. "Asante dada. Kusema ukweli, bila wewe sijui ningefanya aje."

Hiyo ndiyo asante niliyokuwa nikiisubiri tangu siku ya pikapu. Niliipokea nikiwa na mwiko wa ugali mkononi, nikarudi jikoni.

Mama alinifuata kuosha sahani. Najua nilipaswa kunyamaza, lakini wivu hauna adabu, na hata wakati ule bado ulikuwa unanisukuma.

"Mama, kwa nini unamficha hivyo? Mimi birika yangu kanisa nzima ilijua."

Aliendelea kusugua sufuria.

"Nilipigia duka simu," akasema. "Namba iko kwa ile stika ya nyuma. Wakasema jina lako wako nalo, lakini hakuna kadi imeletwa. Hujawahi kuenda."

"Lini hiyo?"

"Hata mwezi haikuwa imeisha tangu nikuambie."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu wazima. Yangu ilikuwa imekatika zamani, nami nikaendelea kutembea. Fundi wa Kachibora, tope la Saboti, mama aliyasikiliza yote akijua, akasema sawa, akaniombea kazi njema.

"Si ungemwambia yeye?" Sauti ilitoka ndogo. "Angenipigia, angenigombeza, ningepeleka."

"Nimwambie dada yake amefanya nini?" Akanigeukia sasa, mikono ina povu. "Friji ni chuma. Angenunua ingine. Na wewe, angekuangalia tena na jicho gani? Mimi sikuwa namficha friji. Nilikuwa nakuficha wewe."

Nilichukua sahani niliyokuwa nimeshaipangusa, nikaipangusa tena.

Kutoka sebuleni mdogo wangu akaita, "Mama, soda zimeisha! Wageni wamefika, niwape nini?"

Mama akafuta mikono, akanipa lile beseni na leso.

"Kimbia kwa mwalimu ulete zingine," akaniambia kwa sauti ya chini. "Pitia nyuma ya choo, mdogo wako asikuone."

Nikapitia nyuma.