Jopo Lililokaa Bila Mimi

Tulitangaza nafasi ile mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeomba. Ilikuwa nafasi ya mhadhiri wa fizikia ya mashine za kuharakisha chembe, ya kwanza katika chuo chetu kilicho nje kidogo ya Kitengela. Mimi, mkuu wa idara ya fizikia, ndiye niliyeipigania kwa miaka sita. Mkuu wa kitivo aliniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba tangazo la tatu lingekuwa la mwisho. Tukikosa mtu tena, nafasi ingepewa idara nyingine ambako waombaji walikuwa wamepanga foleni. Sikuweza kumlaumu.

Watu wakisikia habari za mashine hizo hudhani ni mambo ya nchi za mbali. Huwa nawaambia hivi: hospitali inayotibu saratani kwa mionzi ina mashine ya aina hiyo ndani ya chumba chenye kuta nene. Mashine huchukua elektroni, chembe ndogo mno zilizomo ndani ya kila kitu, ikazisukuma katika bomba lisilo na hewa mpaka zikakaribia kasi ya mwanga, kisha ikazigonga kwenye kipande cha chuma kigumu. Hapo ndipo hutoka mionzi inayoelekezwa kwenye uvimbe wa mgonjwa. Ni jambo la kueleweka, ukilichukua polepole. Shida ni kwamba mashine ikiharibika tunamngoja fundi apande ndege, na wagonjwa wanarudishwa nyumbani na tarehe mpya. Nilitaka mtu wa kufundisha vijana wetu, ili siku moja fundi huyo awe anatoka hapa hapa kwa barabara.

Mwenzangu wa chuo kingine ndiye aliyeniambia kuhusu binti mmoja wa Kajiado aliyefanya kazi ng'ambo kwa miaka mingi kwenye maabara ya mashine kama hizo. Alikuwa likizoni kwao, upande wa Bisil. Nilimpigia simu akasema niende siku yoyote isipokuwa siku ya soko, kwa sababu siku ya soko hakuna mtu nyumbani kwao anayesikiliza habari nyingine.

Nilimkuta amevaa gambuti, ameshika bomba la dawa ya kupe, anawanyunyizia mbuzi. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, simu sikioni, akibishana na mtu kuhusu fahali. Yule binti hakuweka bomba chini.

"Prof, hiyo mashine yenu iko wapi?"

"Hatuna."

"Hata ndogo ya mazoezi?"

"Hata hiyo."

"Kwa hivyo mnatafuta dereva na gari hamna."

"Magari yako hospitalini. Tunatafuta mtu anayejua kufungua boneti."

Alicheka. "Hiyo umeifikiria njiani."

"Tangu Isinya," nilikiri.

Tuliongea karibu saa mbili. Aliniuliza kuhusu wanafunzi, vipindi, na umeme wa maabara unavyopotea. Nilimjibu bila kupamba chochote. Mwisho akasema, "Nitaomba. Lakini mkiniuliza maswali ya kuzungusha zungusha, narudi nilikotoka. Mkataba mpya wananiwekea mezani."

Nilipoinuka kuondoka, baba yake alikata simu. Alikuwa amesikia kila neno. Akaita, na kondoo jike mnene akaletwa mpaka kwenye mlango wa gari langu.

"Mtu hawezi kutoka Kitengela kwa ajili ya mtoto wangu halafu arudi mikono mitupu," alisema. "Na kuanzia leo usiniite mzee. Mimi na wewe ni paker."

Akanieleza. Kwa Wamaasai, ukipewa kondoo na mtu, mnaacha kuitana majina. Kila mmoja humwita mwenzake paker, neno linalotokana na kondoo huyo, na mtaitana hivyo maisha yenu yote. Mimi wazazi wangu walihamia Kitengela kutoka Mkoa wa Kati wakanunua ploti, na nimeishi na majirani Wamaasai tangu utotoni. Lile neno nilikuwa nimelisikia. Nililichukulia kama neno la adabu, kama mtu anavyoitwa ndugu sokoni. Binti alinitazama.

"Prof, una uhakika?"

Nilidhani anaulizia nafasi ndani ya gari. "Atatosha," nikasema.

Pale Kajiado nilisimama kwenye ofisi ya mifugo nikachukua kibali cha kusafirisha mnyama. Afisa aliandika jina la mtoaji, jina la mpokeaji, na kwenye sehemu ya sababu akaandika: zawadi. Nilikikunja nikakiweka kwenye mkoba wangu wa kazi, nimefurahi.

Wiki moja baadaye barua yake ya maombi ilifika. Ilikuwa peke yake.

Siku ya mahojiano tulikuwa watano kwenye jopo. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Wengine walikuwa mkuu wa kitivo, ambaye amesomea uchumi wa kilimo, mwanakemia, mwanahisabati, na afisa wa wafanyakazi, mama kutoka Kajiado mwenye sauti ya chini na macho makali. Tulikuwa kwenye korido tunakunywa chai wakati binti alipofika na baba yake, ambaye alikuwa amekataa kubaki nyumbani.

"Paker! Supa!" mzee akapaza sauti, akinisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, paker!" nikaitikia, kwa furaha, korido nzima ikasikia.

Yule mama wa Kajiado aliweka kikombe chake chini. Akanishika mkono akanivuta hadi dirishani.

"Prof, yule mzee alikupa kondoo?"

"Eeh. Kondoo mzuri sana."

"Lini?"

"Wiki moja kabla ya barua ya binti yake."

"Woi, Prof. Na unajua wewe na yeye ni nini sasa?"

"Marafiki."

"Marafiki? Akiwa na shida utaenda. Ukiwa na shida atakuja. Na mtoto wake ndiye anaingia mbele yako umpe alama."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Niliuliza kama ningeweza kumrudisha kondoo.

"Umtukane mzee wa watu? Ukimrudisha hatasahau. Na mimi sitasahau." Kisha akanong'ona, "Hawa wengine watatu hawajui hilo neno. Mimi naweza kunyamaza. Wewe utaweza?"

Nataka kusema ukweli kuhusu dakika ile. Nilifikiria kunyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafizikia pekee kwenye jopo. Bila mimi, nani angejua jibu zuri ni lipi? Wangeweza kuogopa somo lenyewe, wakasema tungoje, na kungoja kulikuwa na maana moja tu: nafasi imeondoka. Lakini niliona pia kwamba habari kama hiyo haifichiki kati ya Bisil na Kitengela. Ikitoka baada ya mwaka, mimi ningepewa onyo. Yeye angeitwa mhadhiri wa kondoo mpaka astaafu.

Tulipoketi nikawaambia wote, nikaweka kile kibali mezani.

Mwanakemia alikisoma akacheka. "Mmoja tu, Prof? Mimi ningengoja ng'ombe."

Mkuu wa kitivo hakucheka. "Na maswali ya fizikia atauliza nani?"

"Nilikuwa nimeyaandika, kurasa tatu. Sasa sidhani mnayahitaji. Mwambieni awafundishe ninyi wenyewe mashine inavyofanya kazi. Mkitoka hamjaelewa, msimchukue."

"Huo ushauri nimeusikia kama wa mtu aliye nje," alisema, akanifungulia mlango.

Nilikaa kwenye benchi la korido na baba yake. Hata hivyo sikuwa na hofu kubwa. Nilikuwa nimemsikiliza kwa saa mbili akiwa na bomba la dawa mkononi, na mtu anayeweza kueleza jambo gumu huku mbuzi wanamvuta huku na kule hawezi kushindwa na watu wanne waliotulia vitini.

"Wamekufukuza?" mzee aliuliza.

"Nimetoka mwenyewe. Kwa sababu sisi ni paker."

Aligeuka mwili mzima. "Kwa hivyo ukiwa paker wangu huwezi kusema mtoto wangu ako na akili?"

"Naweza kusema. Siwezi kupiga kura."

"Hiyo ni maneno ya ajabu. Mtu hakujui, hajakula kwako, ndiye mnampa aseme wewe ni nani. Atajulia wapi?"

Nilimweleza kama nilivyoweza. Nikamwambia hakuna anayemshuku yeye. Ila binti yake akiingia kazini, awe ameingia kwa mlango ambao kila mtu ameuona. Alifikiria. Hakukubali, lakini hakubisha tena. Badala yake akaniuliza huyo mtoto hufanya kazi gani hasa, maana kila akimwuliza anaambiwa ni mambo ya umeme.

"Unakijua kile kijia chembamba cha mbao kinachoingiza ng'ombe kwenye josho?"

"Nimekijenga kwa mikono yangu."

"Sasa weka mageti mengi kwenye hicho kijia. Ng'ombe akifika kila geti, anapigwa kofi moja mgongoni wakati anapopita. Geti la pili kofi lingine. Kila kofi linamwongezea mbio. Lakini ukimpiga kabla hajafika au baada ya kupita, umemharibia mwendo. Ujuzi wote ni wa wakati. Chembe zinapigwa kofi na umeme, mageti ni mengi, na binti yako ndiye anayepanga makofi."

"Na akifika mwisho wa kijia?"

"Anagonga ukuta, na kinachotoka hapo ndicho kinachotibu mgonjwa."

"Maskini ng'ombe," alisema.

Mlango ulifunguliwa mara moja, yule mama wa Kajiado akatoka mbio kutafuta chaki. Hakunitazama. Baadaye tulisikia sauti ya mwanahisabati imepanda, kisha ya binti imepanda zaidi, kisha kicheko. Walikuwa wamepewa nusu saa. Walikaa saa moja na robo.

Waliponiita, karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi nne. Ubao ulikuwa umejaa. Mkuu wa kitivo, ambaye kwa miaka sita alikuwa ananiuliza mashine hizi ni za nini, alikuwa ananieleza mimi kwa nini bomba lazima liwe tupu bila hewa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepatia.

"Sasa mwulizeni kama amekubali," nilisema.

Binti alikuwa bado amesimama karibu na ubao, mikono imejaa chaki.

"Niko na sharti moja," alisema. "Prof asiwe juu yangu. Ripoti zangu zipelekwe kwa mkuu wa kitivo, na hii programu ya mashine niiongoze mimi."

Programu ile nilikuwa nimeiandika mimi, mstari kwa mstari, na nilikuwa nimejiwazia nikiiongoza miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Mama wa Kajiado alinitazama kwa yale macho yake. Binti naye alinitazama, na sikuona dharau usoni mwake. Alikuwa ananiomba nimalizie nilichokianza asubuhi ile nilipotoka kwenye jopo.

"Ni haki," nikasema. "Andikeni."

Waliandika. Alisaini hapo hapo, akaacha alama ya kidole cha chaki pembeni ya karatasi.

Muhula wa kwanza hakuomba mashine. Alienda mwenyewe hospitalini, akapatana nao kwamba Jumamosi ambazo wagonjwa hawatibiwi na mafundi wao wanafanya ukaguzi wa kawaida, wanafunzi waruhusiwe kusimama kando na kutazama. Jumamosi ya kwanza niliomba nafasi kwenye basi kama mtu mwingine yeyote, akanipa kiti cha nyuma. Mafundi walifungua mfuniko wa mashine ile, na ndani kulikuwa na bomba la shaba ambalo maisha yangu yote nilikuwa nimelichora ubaoni na sijawahi kuliona.

"Nani ana swali?" binti aliuliza.

Nikainua mkono. Akaniambia ningoje, kuna msichana mbele yangu aliyeinua kwanza.