Kambi ya Baridi Wakati wa Joto

Shemeji yangu Damdin ni kitindamimba, na kwetu wafugaji wa kuhamahama kitindamimba ndiye anayerithi moto. Wakubwa wanaoa, wanapewa kondoo wao na hema lao, wanajitegemea. Wa mwisho anabaki na wazazi mpaka awazike, kisha jiko la baba linakuwa lake, na pamoja na jiko, kambi ya baridi. Ndivyo Damdin alivyoipata Ulaan Hoshuu, kibonde kilichojibanza nyuma ya mlima mwekundu, mahali ambapo upepo wa kaskazini unapita juu bila kushuka. Mimi nimeolewa na kaka yake, Nergui, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na nimemtania tangu siku niliyoletwa. Kwa habari hii ya ardhi, utani uliniishia.

Ni mtu mrefu, miguu imepinda kwa kukaa juu ya farasi, na hasemi ovyo. Ujanani aliendesha trekta la shamba la serikali, enzi zile ambazo kila ardhi iliyolala ilitakiwa ilimwe. Shamba lilipokufa akarudi kwa wazazi kuchunga. Palikuwa na msichana kituo cha maziwa, Tsermaa, ana kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Damdin alikwenda pale hata siku ambazo madebe yake yalikuwa matupu. Alizungukazunguka mpaka dereva mmoja wa lori akamtangulia.

"Shemeji," nilimwambia, "si ungefungua mdomo tu?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia," akasema.

Mpaka leo anatafuta. Wazazi walipofariki alibaki na hema lake jirani na letu, anakula kwetu, analala kwake. Majira ya joto tunahamia mtoni wote, msimu wa baridi tunarudi Ulaan Hoshuu wote. Hakuwa na mtoto wa kumwachia ule moto, na hilo halikuwahi kuzungumzwa mbele yake.

Sasa, kambi ya baridi haiguswi theluji ikishayeyuka. Mnaondoka, mnaiacha nyasi iote, irefuke, ikaukie pale pale ilipo. Hata farasi akipotelea huko anafukuzwa. Maji yenyewe hakuna. Wakati wa baridi tunayeyusha theluji, wakati wa joto kisima cha karibu kipo bonde la pili. Kisha theluji ikianguka, kondoo wanaparua kwa kwato na kukuta chakula chao kinawangoja chini. Anayelishia mifugo kwenye kambi yake ya baridi mwezi wa saba, watu humwangalia kama anayechoma nguzo za hema lake ajipatie joto.

Mwaka jana theluji ikiyeyuka tuliitwa kwenye ukumbi wa tarafa. Alikuwapo Buyant, ofisa wa ardhi, kijana niliyemjua tangu anakimbia bila suruali, na pembeni yake mgeni wa kampuni kutoka nje, mpole, anatabasamu. Kampuni ilitaka kulima mbegu za kukamulia mafuta. Wakatuwekea ukutani picha zilizopigwa kutoka angani.

"Hapa, hapa na hapa," alisema Buyant akionyesha kwa fimbo. "Miaka mitano mfululizo, kila majira ya joto, hakuna hema, hakuna mnyama. Nyasi inajiozea. Hii inaitwa ardhi isiyotumika."

Tulicheka ukumbi mzima. Tulidhani amekosea kusema.

"Wewe Buyant," akasema mume wangu, "mwambie mgeni hilo ni ghala letu. Umewahi kuona mtu analala ghalani?"

Mkalimani wa mgeni akatafsiri, mgeni akaitikia kwa kichwa kwa adabu, mambo yakaendelea vile vile. Buyant alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kaka Nergui, mimi nimezaliwa kwenye hema kama wewe. Lakini mambo yako hivi. Tume itapita mwezi wa saba. Watakayemkuta mahali pake na wanyama wake, watapima kumzunguka, hatabughudhiwa. Pasipo na mtu, ni pa kampuni."

Watu walifoka, wakatukana kidogo, wengine wakasema serikali haiwezi kufanya jambo la kijinga kiasi hicho. Kisha joto likaja, inzi wakaja, na kila mtu akahamia mtoni kama kawaida. Hakuna aliyekuwa tayari kula akiba yake ya baridi kwa sababu ya picha ya ukutani. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, sijitoi.

Ni Damdin peke yake aliyesema, tukiwa tunapakia lori, "Nyinyi tangulieni. Mimi nakaa."

"Unakaa wapi?" nikamuuliza.

"Hapa."

"Na kondoo?"

"Kondoo chukueni. Wakikaa hapa watamaliza nyasi. Nakaa mimi, farasi na mbwa. Waje wanikute."

"Bila maziwa, bila mtu? Shemeji, hata panya wa mbugani watakuhurumia."

"Hao nao ni watu wa kuongea nao," akasema, na akaendelea kufunga kamba.

Nilimtembelea mara moja, katikati ya joto, nikiwa na pikipiki, nimembebea jibini kavu na kiriba cha maziwa ya farasi yaliyochachuka. Nilipokaribia nikapiga kelele kama desturi, "Shika mbwa." Mbwa mwenyewe ananijua, alikuwa ameshaanza kutikisa mkia, wala hakubweka. Lakini Damdin alitoka mbio, akamkamata shingo kwa mikono miwili, akamshikilia mpaka nilipoingia hemani, kama mtu anayetaka kila kitu cha ugeni kifanyike bila kuruka hata kimoja.

Hema lilikuwa safi kupita kiasi. Kila chombo kimesuguliwa. Mwanaume akianza kusugua sufuria kwa mchanga hadi zing'ae, ujue hana wa kuzungumza naye. Nikamimina maziwa, akanywa bakuli la kwanza bila kupumua, la pili akalishika tu.

"Yule jike mwenye doa jicho la kushoto, mguu umepona?" akauliza.

"Umepona."

"Na yule mbuzi mweusi, bado anawaongoza wenzake upande wa matope?"

"Bado. Amefanana na mume wangu."

Akacheka. Kisha akauliza habari za mwingine, na mwingine, akiwataja kwa rangi na pembe, karibu kundi zima, na mimi nikajibu. Nilielewa kwamba hakuwa na wasiwasi na kondoo. Alikuwa anataka nisinyamaze.

"Usiku unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nasikiliza nyasi. Ndefu sana mwaka huu." Akafikiri. "Bergen," akasema, na ndivyo tunavyomwita mke wa kaka, "nilikuwa sijui kwamba mahali pa nyumbani panaweza kuwa pageni. Hapa bila theluji, bila kondoo, bila moshi wenu. Jana nimetoka nje nikasalimia mlima kwa sauti. Nikaona aibu."

Nilimwonea uchungu, na kwa kuwa sijui kuonea mtu uchungu kimya kimya, nikamkaripia. Nikamwambia aache upuuzi, arudi mtoni, mlima hautakimbia. Nilipoondoka alipanda farasi akasema ananisindikiza mpaka kwenye rundo la mawe mdomoni mwa kibonde. Tulipofika kwenye mawe akasema kuna hatamu aliyoiangusha mbele kidogo, mwaka juzi, aitafute. Pikipiki ikawa inakwenda kwa mwendo wa farasi, mpaka tukauona mto. Pale akageuka bila kuaga.

Tume ilikuja siku chache baadaye. Aliyotusimulia Damdin ni haya. Waliona moshi, wakasimamisha gari, Buyant akashuka na mgeni yule yule. Damdin alikuwa amevaa joho lake la sikukuu na mkanda wa hariri. Nadhani alivaa hivyo kila siku akiwangoja. Akawakaribisha, wakakaa, wakapokezana chupa ya ugoro.

"Wanyama wako wanaendeleaje?" aliuliza Buyant.

"Wananenepa vizuri."

"Wako wapi?"

"Mtoni kwa kaka."

Buyant akakuna kichwa. "Sasa, Kaka Damdin, kama wanyama wako mtoni, wewe hapa unafanya nini?"

"Nipo."

Mkalimani alilifikisha hilo kwa mgeni, na mgeni akauliza kama huyu bwana yuko likizo. Hawakumdharau, Damdin alisisitiza hivyo. Walimweleza taratibu kwamba mtu mmoja na farasi mmoja si matumizi ya ardhi. Watapita tena wakirudi mwisho wa mwezi. Wakikuta kundi linakula nyasi, watapima. Wasipolikuta, basi.

Jioni hiyo hiyo alifika mtoni. Hakuwa mtu wa kuomba. Katika maisha yote niliyomjua hakuwahi kuomba hata kiberiti. Aliingia, akakaa upande wa chini, karibu na mlango, mahali wanapokaa vijana.

"Kaka, nipe kundi."

Nergui alikuwa anakula. Akaweka bakuli chini. "Ukilipeleka sasa litamaliza kila kitu. Theluji ikija tutakula nini, Damdin? Mawe?"

"Najua."

"Unajua halafu unaniomba?"

"Nikiikosa Ulaan Hoshuu, mtu akiniuliza mimi ni wa wapi nitamwambia nini? Baba alinipa moto. Sina mke, sina mtoto, Kaka. Nina hapo tu."

Mume wangu alitazama jiko. Kisha akanyanyuka, akatoka, nikasikia anaanza kufungua kamba za hema, gizani, bila kuniambia chochote.

Tukahama kuelekea kambi ya baridi katikati ya joto, kichekesho cha tarafa nzima. Majirani walitupigia kelele njiani kwamba tumekosea kalenda. Kundi lilipoingia kwenye ile nyasi, iliyokuwa inawafika kondoo tumboni, lilisimama kwanza, kana kwamba nalo linajua. Kisha likainamisha vichwa. Kila siku Damdin alilipeleka kisimani bonde la pili na kulirudisha, na kila siku kibonde kilizidi kuonekana udongo. Nergui alikuwa anakaa na mgongo kuelekea malishoni. Sikuwahi kuona watu wanaotazama mifugo yao ikishiba huku wana nyuso za msiba.

Tume ikapita, ikakuta kondoo. Wakapima, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu kuzunguka kibonde. Buyant akampa Damdin mkono, akamwambia hongera, na nina hakika alimaanisha. Mabonde mengine yote, ya majirani waliokaa mtoni na akiba zao zimesimama vizuri, yalikwenda kwa kampuni, wakaahidiwa fidia na kazi.

Matrekta yalikuja kabla ya baridi. Yalilima kuzunguka vigingi mpaka Ulaan Hoshuu ikabaki kama kiraka kwenye joho jeusi. Damdin alisimama mchana kutwa akiyatazama, yeye aliyewahi kuwa dereva. Nilimwendea nikamuuliza anaonaje.

"Wanalima vizuri," akasema. "Mistari imenyooka."

Baridi ilipoanza kuuma, Nergui alitembea kibonde chote kwa miguu, akarudi na kusema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa anakijua. Kundi halitafika hata mwaka mpya pale. Binamu zake wa mashariki, mbali sana, walikuwa na malisho, wakakubali kutupokea. Akamwambia Damdin, "Twende wote."

"Nikiondoka patakuwa hapana mtu."

"Damdin, utakaa na nini?"

"Niachieni ng'ombe na mbuzi wachache. Nitanunua majani makavu. Nipo."

Nergui alimpigia kelele, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu niolewe, akamwita mkaidi, mjinga, mtunza jivu. Damdin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kutusaidia kukunja sufu za hema. Asubuhi tuliyoondoka alifunga kamba za lori, akazikagua, akaingia kwake. Hakusimama kutuaga. Nilikasirika njia nzima, nikisema na kioo cha gari kwa kuwa mume wangu hakuwa anajibu.

Njia ya zamani ilikuwa imelimwa, ikabidi lori lizunguke shamba lote la kampuni ndipo tufike barabara kuu. Tulipofika upande wa pili tukaona mtu amesimama kando ya barabara, farasi wake ana udongo mpaka magotini. Alikuwa amekata katikati ya shamba. Mkononi alikuwa na birika la chai lililofungwa sufu na mfuko wa mabakuli.

Kwetu wanaohama wakipita karibu na hema lako, hata usiowajua, unatoka na chai ya moto unawasimamisha wanywe. Ni heshima wanayopewa wageni wa njia. Damdin alituwekea mabakuli, akamimina, akanipa langu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama ipasavyo. Chai ilikuwa na maziwa na chumvi yake. Kisha akamtazama kaka yake, na nikaona pembe ya mdomo inacheza, nikajua anajaribu utani.

"Habari za kuhama? Mnatokea wapi?" akauliza, kama anavyoulizwa mgeni.

Nergui alikubali mchezo. "Tunatoka Ulaan Hoshuu."

"Kwema huko?"

"Kwema."

"Mmeacha mtu?"

Nergui alipaswa kujibu haraka, utani usife. Alinywa kwanza, akalitazama bakuli.

"Tumemwacha mdogo wangu," akasema.

Damdin aliyapokea mabakuli moja moja, akayafuta kwa mkono wa joho, akayarudisha mfukoni. Akasema upepo unageuka, tusichelewe. Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama pale barabarani na birika lake, ingawa hapakuwa na msafara mwingine wowote unaokuja.